Mpaka Ulioletwa Kampala kwa Gunia

Siku mama alipompiga jirani yetu Mkongo kwa kopo la kupimia mkaa, mimi ndiye niliyeingia katikati kuwaachanisha, na nilichoambulia ni kovu la kiwiko ambalo ninalo hadi leo. Kopo lenyewe lilikuwa la bati, zamani lilikuwa la rangi ya nyumba, na ukingo wake ulikuwa umenoleka kwa kuchotea mkaa miaka nenda miaka rudi. Lilimpata yule mama juu ya jicho. Damu ikashuka hadi kidevuni, lakini hakulia wala hakukimbia. Alifunga kitenge chake vizuri kiunoni, akarudi kwenye karai lake la mandazi, akatwaa mwiko wa chuma uliokuwa ndani ya mafuta ya moto, akaja nao.

"Leo utaniua ao nitakuua," alisema. "Unatia chuma mu makala yangu, halafu unanipiga mimi?"

Makala ndiyo mkaa kwa watu wa Kongo. Asubuhi ile alikuwa amenunua gunia zima kwetu, akalimwaga bandani mwake, na chini kabisa akakuta kipande cha chuma kimeng'ang'ania kwenye bonge la mkaa. Akakata shauri kwamba mama anajazia magunia vyuma na mawe ili mkaa uwe kidogo. Kwa muuza mkaa hakuna tusi linalozidi hilo, afadhali hata umwite mchawi. Na mama yangu, ambaye alikuwa akipepeta vumbi la kila gunia kabla ya kuliuza, hakuwa na simile siku ile.

Watu walijaa. Vijana wa boda walizima pikipiki zao wapate kutazama vizuri, na mmoja alikuwa akishangilia kila pigo. Wanawake hawa wawili walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Mkongo alikimbia vita vya kwao mashariki, mama alikulia kwenye vita vya kaskazini mwa Uganda, na biashara ikipoa walipenda kukaa kwenye viti vya plastiki wakishindana nani ameona maiti wengi zaidi. Sasa walikuwa wakiumizana kwa dhati. Mwiko ulimchoma mama begani, nikasikia ngozi ikilia. Nilimkumbatia kiunoni kumvuta, akajipinda, kopo likanichana kiwiko hadi kwenye mfupa, na sote watatu tukaanguka juu ya mkaa uliomwagwa.

Nieleze kwanza tulivyofika hapo, maana mama hakuzaliwa muuza mkaa. Baba alikuwa mwanajeshi. Nilizaliwa kambini nikakulia katika Kiswahili, kwa sababu ndicho ambacho mama zetu, waliotoka kila pembe ya nchi, walitukaniana nacho kwenye foleni ya bomba. Baba alifia kazini. Matanga yalipokwisha tuliambiwa kwa heshima tuhame, nyumba ilikuwa ya askari aliye hai. Ndugu zake baba walitusikiliza mlangoni bila kutukaribisha ndani. Walisema hakuna ng'ombe hata mmoja aliyetolewa kwa ajili ya mama, kwa hiyo mwanamke si wao na mtoto si wao. Sikumbuki kama mama alilia. Nakumbuka alivunja mtungi wao wa maji kwa teke alipokuwa akipita.

Tulipanga muzigo chini ya kilima cha Mbuya: chumba kimoja, mlango mmoja, pazia katikati. Wakati huo bado kulikuwa na migomba nyuma ya nyumba, na bondeni kulikuwa na mafunjo yaliyokuwa yakimeza maji yote ya mvua. Sitaki kudanganya kwamba palikuwa peponi. Palikuwa na mbu na wezi. Lakini niliona kwa macho yangu watu walivyokuja. Walitoka kila wilaya, walitoka Kongo, walitoka Sudan Kusini, na mwenye nyumba wetu hakumrudisha mtu. Aling'oa migomba akajenga vyumba. Akajenga hata mahali tulipokuwa tukianika nguo. Akaziba ujia, akautia mlango, akaupangisha. Wenzake walimwaga kifusi juu ya mafunjo wakajenga huko pia, na mvua iliyokosa pa kwenda ikaanza kutuingilia vyumbani.

Mwaka mmoja mvua hiyo ilimchukua mtoto wa mpangaji mwenzetu mchana kweupe. Tulimkuta amebanwa chini ya daraja la mfereji pamoja na godoro na chupa za plastiki. Baba yake alichukua shoka akaenda kumtafuta mwenye nyumba, na majirani ilibidi wamwangushe chini na kumfunga kamba mikono na miguu. Alilala uani hivyo hivyo, akinguruma, hadi maiti ya mwanawe ilipooshwa. Baada ya wiki chumba chao kilipata wapangaji wengine, nao walikuja na watoto.

Kila mlango mpya ulikuwa na sigiri yake. Gesi ilikuwa ya watu wa juu ya kilima, umeme ulikuwa wa taa na simu, na sisi wa chini tulipika kwa mkaa. Mama aliliona hilo kabla ya wengine. Alikuwa akisimama ukingoni mwa kila msingi uliochimbwa, mikono kiunoni, akiwaza ni milango mingapi itatoka pale, uso ukimng'aa. Mimi nilikuwa nimepata kazi katika duka la uchapaji kule Wandegeya, na mara kwa mara tulichapa mabango ya makongamano ya chuo kuhusu ongezeko la watu na mazingira. Yalikuwa na picha ya mche mdogo uliobebwa kwenye viganja viwili. Niliyachapa kwa rangi nzuri, nikarudi nyumbani nikapika kwa mkaa.

Na mkaa wa mama haukuwa wa hivi hivi. Alitaka wa kaskazini tu, mzito, ule ambao ukigonganisha vipande viwili unalia. Wauzaji wengine hawakujua wala hawakujali mkaa wao umetoka wapi; mama aliuza wa kwao. "Huu ni wa nyumbani," aliwaambia wateja, "unaivisha maharage na bado una nguvu ya kuchemsha chai." Alijivunia kama mtu anayeletewa asali kutoka kijijini. Serikali ilipopiga marufuku mkaa wa kaskazini, malori yaliendelea kuja, magunia yakiwa yamefunikwa kwa mihogo, na mama alifurahi zaidi kwa kuwa sasa alikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho. Anayetaka kumcheka amcheke. Mimi nilisomeshwa kwa mkaa ule.

Basi tulipoanguka, mama alipapasa chini akakipata kile chuma chenyewe, akakiinua ampige nacho Mkongo usoni. Mkono ukabaki juu. Lilikuwa jembe la zamani, limelika hadi kubaki ukubwa wa kiganja, na kwenye ukingo wake lilikuwa na pengo lililokatwa kwa tupa, mfano wa sikio la ng'ombe aliyetiwa alama. Mkongo hakujua kwamba vita vimekwisha. Alimpiga mama mara moja zaidi, shingoni, ndipo akaona kwamba mwenzake hapigani tena.

"Hii jembe ya baba yangu," mama alisema.

Mkongo aliushusha mwiko. "Jembe ya baba yako inafanya nini mu makala yangu?" aliuliza, na hakuwa akitania.

Jembe lile nililifahamu mimi pia. Watu wa kwetu walipotoka kwenye makambi ya waliofukuzwa na vita na kurudi vijijini, hawakukuta nyumba wala njia. Kichaka kilikuwa kimefunika kila kitu. Kilichosalia ni miti mikubwa, na hiyo ndiyo iliyowaambia watu shamba la nani liliishia wapi. Babu alituita kutoka Kampala, nami nilikuwa msichana mdogo. Alimwambia mama kwamba wakwe wamemkataa, lakini yeye hamkatai, na akamkatia ukanda wa ardhi kati ya kiwanja chake na shamba la jirani. Upande wa jirani palikuwa na mstari wa miti ya shea, ambayo sisi tunaiita yaa. Mafuta yake ndiyo tunayopikia na ndiyo tunayompaka mtoto akizaliwa, na siku zile mtu hakukata yaa hata kama anakufa kwa baridi.

Lakini ardhi aliyopewa binti ina maadui wengi, na babu hakuwa mjinga. Alikusanya majembe yaliyolika, akayakata alama ya ng'ombe wa ukoo wetu, akayapigilia katika shina la kila mti wa mpakani kwa kisogo cha shoka. Mama ndiye aliyemshikia. Babu alikufa muda mfupi baadaye, kiwanja kikabaki kwa mjomba, na ukanda ule ukawa mahali pekee duniani ambapo mimi na mama hakuna mtu angeweza kutuambia tuhame.

Kwa hiyo nilipoliona jembe nilielewa kwa nini mama amekaa chini kwenye mkaa, miguu ameinyoosha mbele. Kama jembe lilikuwa Kampala, mti ulikuwa wapi?

Lori liliporudi na mzigo mwingine, mama alikuwa akilisubiri na panga. Alipanda juu bila kumsalimu mtu, akaanza kuyapasua magunia moja baada ya jingine, mkaa ukimiminika barabarani, naye akitafuta vyuma. Alipata kimoja, chenye pengo lile lile. Wapakuzi wawili walimvuta miguu, akaanguka kutoka juu, na mmoja akamkanyaga mdomoni. Jino la mbele lilitoka. Nilimrukia mwanamume yule mgongoni nikamng'ata sikio hadi nikaonja damu. Sijivunii, wala sijutii. Aliyetuokoa alikuwa Mkongo, plasta juu ya jicho, aliyekuja mbio na karai tupu akimtwanga kila aliyekuwa karibu.

"Mumuache!" alipiga kelele. "Huyu ni wangu mimi wa kupigana naye!"

Dereva, Muganda wa makamo, alikuwa amejifungia ndani ya gari. Mama alivunja kioo cha pembeni kwa jembe la babu, akaingiza mkono, akamkaba kola. Vipande vya kioo vilikuwa vikimkata mwenyewe na hakuonekana kusikia.

"Hii miti nani naliuza?" aliuliza.

"Nyabo, mimi nareta tu! Mimi siulizi miti jina yake." Dereva aliinua mikono yote miwili. "Ile bwana alisema dada yake iko hapa Mbuya, nauza mkaa. Alisema hii yote iko mambo ya nyumba moja."

Mama aliiachia kola. Nilimwona akijaribu kukunja vidole na vidole vikikataa. Alikuwa amebakiwa na ndugu mmoja tu, mjomba wangu, mdogo wake wa mwisho. Huyo ndiye ambaye mama alimbeba mgongoni kambini kwenye foleni ya posho, risasi zikilia, wakati wao wenyewe walikuwa watoto.

Tulipanda basi la kaskazini. Tulipokwisha kuvuka Nile nilianza kuona duara nyeusi za matanuri ya mkaa kila mahali, kama vile mtu amepita akiichoma nchi kwa sigara. Magunia yalisimama kando ya barabara yakingoja malori. Upepo ulikuwa mkali na mkavu, mgeni kwangu. Zamani miti iliuvunja kabla haujafika kwenye nyumba. Mama alitazama nje njia nzima na ulimi wake ukicheza na pengo la jino. Nilimuuliza kama anataka maji, akaniambia nifunge mdomo.

Pale kwetu jiko la mjomba halikuwa na paa, upepo ulikuwa umeling'oa. Mstari wa yaa haukuwepo. Vilibaki visiki vilivyokatwa karibu na ardhi, vingine bado vikitoa utomvu mweupe, na vingine vilikuwa vimechimbwa hadi mizizi nayo ikachomwa. Kutoka shamba la jirani, kupita juu ya visiki, kupita ukanda wote wa mama hadi karibu na mlango wa mjomba, ulikuwa umeota ufuta wa jirani, mistari imenyooka, maua meupe.

Mjomba alikuwa amekaa nje akisuka kamba. Alipotuona alisimama akatabasamu. Mama hakumsalimu. Alichukua mpini wa jembe uliokuwa umeegemezwa ukutani, akampiga begani, akampiga mbavuni, akampiga mgongoni alipoinama, na mjomba hakunyanyua mkono hata mara moja. Mkewe alikuwa ameshamwacha. Mtu wa kumtetea nilikuwa mimi, nami nilitaka apigwe.

"Umekata mpaka wangu," mama alisema kwa Kiacholi.

"Nimekata miti." Mjomba alikuwa na damu kwenye meno. "Kila mtu alikuwa amekata yake, dada. Walikuwa wanakuja na misumeno ya mashine, wanakata ya watu waliosafiri, hawaombi. Nikasema kama itakatwa, heri nikate mimi, tupate sisi."

"Ilikuwa yangu!"

"Na mkaa unauza wewe," mjomba alisema. "Kila ukipiga simu, mkaa wa nyumbani, mkaa wa nyumbani. Ulidhani tunachoma nini huku? Mawe?"

Mama alimpiga kwa ajili ya neno hilo kuliko alivyompiga kwa ajili ya miti. Alimpiga hadi mpini ukakatika, akaendelea na kipande kilichobaki. Hapo ndipo nilipomshika, na safari hii hakunipinga. Tulisimama tukihema, na mjomba akatambaa hadi ukutani akaegemea, akishika mbavu.

Alasiri ile ile tulikwenda kwa jirani. Mama aliweka majembe mawili ya babu miguuni pake. Jirani aliyatazama kwa adabu. Nyuma yake walikuwa wamekaa wanawe, wanaume wazima waliotoka shambani, mapanga yao bado mkononi.

"Mpaka ni kitu kinachokaa mahali," jirani alisema. "Hivi vimetoka Kampala kwa basi. Kesho utaniletea kingine useme nyumba yangu ni yako. Mimi shambani sioni mti wowote."

Wanawe walicheka. Mama alimtemea mate yule aliyecheka zaidi, akapigwa kibao kilichomzungusha, na jirani akawakemea wanawe kwa sauti ya mtu ambaye hajachukia. Wazee wa ukoo wetu tulipowaendea walisema yale yale kwa maneno laini: walikumbuka miti, lakini hawakukumbuka ilipokuwa, na hakuna kati yao aliyetaka kugombana kwa ajili ya ardhi ya mwanamke anayeishi mjini. Turudi nyumbani, tutafute amani. Tuliporudi, mama alisimama mbele ya mjomba.

"Wewe uliutoa," alimwambia. "Wewe uurudishe."

Asubuhi yake, nikinawa uso, nilimwona mjomba akienda kwenye visiki akichechemea, amebeba vigingi vya mbao na shoka. Alipigilia cha kwanza, akapigilia cha pili. Ufuta ulilala kila alipokanyaga. Wana wa jirani walitokea upande wao, nao hawakupiga kelele wala hawakumwonya. Mkono ambao hakuunyanyua kwa dada yake aliunyanyua kwao, na panga la kwanza likaupata huo. La pili lilimwingia kati ya bega na shingo. Nilisikia mlio wake nikiwa mbali, mlio wa mtu akipasua kuni mbichi.

Mama alinipita akikimbia na kile kipande cha mpini. Alimfikia mmoja kutoka nyuma, akampiga kichwani, na alipoanguka akaendelea kumpiga. Mimi nilitupa mawe na kupiga mayowe ya watu waje. Walipokuja, wana wa jirani walikuwa wamekimbia wakimburuta mwenzao, na mjomba alikuwa amelala kwenye ufuta, macho wazi, maua meupe yamemganda usoni kwa damu. Mama alivua kitenge akakisukuma ndani ya jeraha kwa ngumi, na ngumi hakuitoa.

Hospitali ya wilaya ilitupeleka Mulago, hospitali kuu ya Kampala. Njia nzima mama alikuwa ameshikilia lile jeraha, na mjomba alipopata fahamu alimwomba msamaha, tena na tena, hadi mama akamwambia anyamaze asipoteze pumzi. Madaktari walihangaika naye sana. Mkono waliukata, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Mkongo alikuja kila siku na chupa ya uji, akimnywesha kwa kijiko mtu ambaye hakumfahamu, na akigombana na kila aliyetaka kumwondoa wodini.

"Nitakupandia mingine," mjomba alimwambia mama siku moja, sauti imekwisha.

"Yaa haizai kabla mtu hajazeeka," mama alimjibu. Aliposema hivyo alikuwa akimfuta jasho, na mkono wake ulikuwa mpole. Nilidhani amemsamehe. Pengine alikuwa amemsamehe kweli, sijui, nimeacha kujiuliza.

Alikufa adhuhuri, wodi imejaa watu, wagonjwa wengine wamelala sakafuni kwa kukosa vitanda. Mimi ndiye niliyelia. Mama aliomba maiti, akatafuta gari, na jioni ile ile tulikuwa njiani kurudi kaskazini na jeneza la mbao mbichi lililonuka gundi.

Watu wa ukoo walikuwa wamechimba kaburi kiwanjani, karibu na babu, kama inavyopasa. Mama alilitazama shimo lile akasema lifukiwe. Alichukua sururu, akatembea hadi katikati ya ufuta, hadi kwenye kisiki cha mwisho kabisa upande wa jirani, akaanza kuchimba mwenyewe. Ilipoeleweka anachokifanya, kelele zilizuka. Waombolezaji walimtukana. Shangazi mmoja alimvuta nywele akimwambia kwamba maiti si kigingi cha kupigilia. Mzee mmoja wa ukoo alimshika mkono aondoe sururu, na mama akamsukuma akaanguka chali mbele ya watu wote, mzee wa watu, kofia yake ikaruka.

"Mlipoombwa kukumbuka mpaka hamkuukumbuka," mama alisema. "Kaburi mtalikumbuka. Hakuna mtu analima juu ya kaburi."

Na ni kweli. Kwetu mtu anaweza kukuibia ng'ombe, mke na shamba, lakini hatapitisha jembe juu ya maiti yako. Vijana wakaanza kumsaidia kuchimba, macho chini. Chini ya kisiki mizizi ya yaa ilikuwa bado minene, na ilibidi ikatwe kwa shoka ili jeneza lipate nafasi.

Tulikuwa tumekwisha kushusha jeneza, jirani akaja. Wanawe walikuwa mikononi mwa polisi, mmoja akiwa hoi kwa kipigo cha mama, naye alikuja peke yake na panga, akasimama ukingoni.

"Hamziki mtu kwenye shamba langu," alisema.

Mama alivua viatu akaingia kaburini, akasimama juu ya jeneza la ndugu yake, shingo yake ikiwa sawa na magoti ya jirani.

"Nipige, basi," alisema. "Shimo liko tayari."

Panga lilipanda. Nililiona likipanda. Lilikaa juu. Kisha jirani akaligeuza panga, akaanza kulifyekea ufuta wake mwenyewe, kushoto na kulia, akilia kwa sauti, mstari baada ya mstari, hadi alipofika upande wa pili wa kaburi. Hapo aliangusha panga akaenda zake.

Mama alivutwa juu. Vijana wakaanza kufukia. Alikuja akasimama karibu nami, udongo hadi mapajani, uso mkavu, pengo la jino likionekana kila alipohema, na akaniambia kwa Kiswahili ili watu wa ukoo wasisikie:

"Sasa wewe una kwenu."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga mama yangu usoni kwa mkono mtupu mbele ya watu wote, na mkono ulikuwa umeshakunjika. Nilibaki nikimtazama hadi yeye ndiye aliyeinamisha macho. Kisha nikalipokea beleshi kwa kijana aliyekuwa amechoka, nikaendelea kufukia.